Miezi sita bila pombe kabla ya kupandikizwa ini: ni lazima kungoja?

Tabibu_Wodi

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaozifahamu rufaa za upandikizaji wa ini. Mgonjwa ana uraibu wa pombe, na kila rufaa inapotajwa jibu ni lile lile: "Akamilishe kwanza miezi sita bila kunywa, ndipo tuzungumze."

Hali yenyewe ni hii. Mwanamume wa miaka 44, kilo 70. Ana wiki tano tangu aache pombe, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuambiwa kuwa ini lina tatizo. Macho ya njano, maji tumboni, na aliwahi kuchanganyikiwa kwa siku mbili akatulia kwa laktulosi (dawa ya kulainisha choo inayoondoa amonia). Bilirubini (rangi ya njano kwenye damu) 9 mg/dL, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) 2.0, kreatinini (kipimo cha figo) 1.3 mg/dL, sodiamu 128. Alianzishiwa prednisoloni 40 mg kwa siku. Siku ya 7 alama ya Lille, inayopima kama ini linaitikia prednisoloni, ikatoka 0.61, dawa ikasimamishwa. Mke wake na mdogo wake wa kiume wanamhudumia, na mdogo mtu anasema yuko tayari kutoa kipande cha ini.

Ninachouliza: je, miezi sita ni sharti la kitabibu au ni mazoea tu? Faili la rufaa liwe na nini ili lisirudishwe? Na uraibu wenyewe utibiwe kwa dawa gani wakati ini liko hivi?

---

Bingwa_Ini

Ndugu Tabibu, usingoje. Andika rufaa wiki hii.

Miezi sita ilikuwa na hoja mbili nyuma yake, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni kwamba ini lililoumizwa na pombe linaweza kupata nafuu likiachwa lipumzike, kiasi kwamba mtu asihitaji upasuaji kabisa. Hiyo ni kweli. Ila sehemu kubwa ya nafuu huonekana ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Mgonjwa ambaye bilirubini yake haishuki kabisa baada ya wiki kadhaa bila pombe hana uwezekano mkubwa wa kushangaza watu mwezi wa tano. Hoja ya pili ni kwamba aliyevumilia miezi sita hatarudia pombe. Hapo ushahidi ni dhaifu. Hatari ya kurudia hupungua kadiri siku za kuacha zinavyoongezeka, lakini hupungua polepole. Hakuna ukuta unaosimama siku ya 180.

Kwa mgonjwa wako kuna jambo zito zaidi. Lille ya 0.61 imepita 0.45, maana yake ini lilivimba vibaya kwa pombe na halikuitikia prednisoloni. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walichapisha matokeo ya wagonjwa 26 wa aina hii hasa, waliopandikizwa mapema bila kungoja. Waliokuwa hai baada ya miezi sita walikuwa asilimia 77. Kwa wagonjwa wa kulinganishwa ambao hawakupandikizwa, asilimia 23. Kumwambia mtu wa kundi hilo angoje miezi sita ni sawa na kumnyima.

Lakini soma pia jinsi walivyochaguliwa. Walikuwa chini ya asilimia 2 ya wote waliolazwa kwa tatizo hilo. Ilikuwa mara yao ya kwanza ini kulemewa, walikuwa na ndugu wa karibu wa kuwashika mkono, hawakuwa na ugonjwa mkubwa wa akili usiotibiwa, na jopo zima la upandikizaji lilikubaliana. Ukiandika rufaa, mambo hayo yawe kwenye ukurasa wa kwanza, maana ndiyo jopo litakayotafuta. Marekani ilifuata: mwaka 2018 vituo 12 vilitoa matokeo ya wagonjwa 147, hai baada ya mwaka mmoja asilimia 94, baada ya miaka mitatu asilimia 84.

Sasa hesabu. Kwa namba zako MELD, yaani alama ya ukali wa ugonjwa wa ini, ni 25. Ukiingiza sodiamu ya 128 inapanda hadi 29. Rufaa huanza kufikiriwa MELD ikifika 15, au mapema zaidi mtu akipata maji tumboni, akitapika damu au akichanganyikiwa, kwa hiyo mgonjwa wako amepita mstari siku nyingi. Angalia mitego mitatu ya hesabu hii:

- Vizio. Bilirubini 9 mg/dL ni sawa na mikromoli 154 kwa lita, na kreatinini 1.3 ni mikromoli 115. Ukiandika 154 kwenye kisanduku cha mg/dL utapata MELD ya 36 na faili litarudi na maswali.
- Tarehe. Vipimo vyote vitoke kwenye damu ya siku moja. Usichukue INR ya Jumatatu ukaioanisha na kreatinini ya wiki iliyopita.
- Misuli. Mtu aliyekonda hutoa kreatinini kidogo, hivyo figo zake huonekana nzima kuliko zilivyo. Kinyume chake, dawa za kukojoza zikizidi, kreatinini hupanda kwa ukavu tu na MELD inadanganya kwa upande wa pili.

Faili liwe na: makundi ya damu yaliyopimwa mara mbili kwa sampuli tofauti, ultrasaundi ya ini yenye Dopla ya mshipa mkuu unaoingia kwenye ini, kwa sababu bonge la damu pale hubadilisha upasuaji mzima, CT yenye dawa ya kung'arisha, kutafuta uvimbe wa saratani (angalia figo kwanza), endoskopi ya umio, ultrasaundi ya moyo, VVU, homa ya ini B na C, picha ya kifua na kipimo cha kifua kikuu kilichojificha. Kama anavuta sigara, kinywa, koo na umio vikaguliwe kwa makini. Pombe na sigara kwa pamoja hupanda saratani sehemu hizo, na dawa za kushusha kinga huiharakisha.

Maji ya tumbo yachomwe na kuhesabiwa seli hata kama hana homa. Neutrofili (aina ya seli nyeupe) 250 au zaidi kwa milimita moja ya ujazo ni maambukizi, yanatibiwa leo, si kesho. Wengi wa wagonjwa hawa hufa kwa maambukizi kabla hata jopo halijakaa.

---

Lishe_Kwanza

Naongezea kwa ufupi, kwa sababu hili husahaulika na ndilo linaloamua kama mtu atafika mezani akiwa na nguvu. Lengo ni kilokalori 35 kwa kilo na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, kwa uzito wa mwili bila maji ya tumbo. Kama kilo 70 zako ndizo uzito mkavu, ni kilokalori 2,450 na protini gramu 84 hadi 105 kwa siku. Kama alipimwa akiwa na lita nane tumboni, punguza kwanza.

Usimnyime protini eti kwa sababu alichanganyikiwa. Ushauri huo ulishaachwa. Unamaliza misuli, na misuli ndiyo inayosaidia kuondoa amonia ini likishindwa. Gawa chakula mara nyingi, na lazima uwepo mlo kabla ya kulala, kwani usiku mmoja wa njaa kwa ini lililosinyaa humlazimisha kuchoma misuli yake. Chumvi ipungue, lakini si hadi chakula kimshinde. Maji ya kunywa hayazuiwi kwa sodiamu ya 128. Huzuiwa ikishuka chini ya 125. Na kama anawekewa dripu yenye glukosi, thiamini (vitamini B1) itangulie.

---

Mnasihi_Uraibu

Shikamoo Bingwa, na asante kwa maelezo. Upande wa uraibu ndiko faili nyingi huanguka, mara nyingi kwa sababu mwandishi ameandika mstari mmoja: "Mgonjwa ameahidi kuacha pombe." Ahadi si matibabu. Hata karatasi ya mkataba iliyosainiwa si matibabu. Jopo linataka kuona mpango: nani anamwona, mara ngapi kwa wiki, kwa njia gani ya ushauri, nani nyumbani anajua dalili za kuteleza na atampigia simu nani.

Mahojiano yafanyike akili ikiwa imetulia. Aliyechanganyikiwa kwa ajili ya ini hawezi kueleza historia yake, na majibu yake ya siku hiyo yakiandikwa "hana utambuzi wa tatizo", doa hilo halifutiki kirahisi. Rudia baada ya laktulosi kufanya kazi, awe anapata choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Zungumza na mke na mdogo wake, kila mmoja peke yake. Hapo ndipo utajua kiasi halisi.

Andika kiasi kwa kinywaji sanifu, yaani kipimo chenye kiasi kile kile cha pombe, siyo kwa "chupa" wala "kidogo kidogo". Kuna alama iitwayo SALT iliyotokana na utafiti ule ule wa vituo 12: zaidi ya vinywaji 10 kwa siku wakati anafika hospitali ni alama 4, kuwahi kujaribu tiba ya kuacha mara nyingi ikashindikana, 4, matatizo ya kisheria yaliyotokana na pombe, 2, kuwahi kutumia dawa za kulevya, 1. Jumla 11. Aliye chini ya 5 ana uwezekano mdogo wa kurudia kunywa mfululizo. Aliye juu ya hapo asikataliwe kwa namba peke yake. Namba inasema tu kwamba usimamizi wake uwe mzito zaidi.

Vipimo sasa. Cha damu kiitwacho PEth hukaa kwenye chembe nyekundu na huonyesha unywaji wa wiki mbili hadi nne zilizopita. Chini ya 20 ng/mL, hanywi au anakunywa kidogo sana. Juu ya 200, anakunywa sana. Kwa mtu aliyekuwa mnywaji mkubwa, wiki ya tano kipimo bado kinaweza kusoma kitu. Msimwite mwongo. Pimeni tena baada ya wiki mbili: kikiendelea kushuka, hajanywa, kikipanda, amekunywa. Na chukueni sampuli kabla ya kumwongezea damu, kwa kuwa damu ya mchangiaji huleta chembe zake na PEth yake.

Kipimo cha mkojo cha ethili glukuronaidi huona siku tatu hivi, na wakati mwingine hadi tano baada ya unywaji mkubwa. Ni kikali mno: dawa ya kusukutua kinywa yenye spiriti inaweza kukiamsha, na hata kitakasa mikono kikitumiwa mara kwa mara. Kwa hiyo mkojo ukisoma na PEth ikisoma sifuri, uliza kabla ya kuhukumu. Na mgonjwa aelezwe wazi tangu mwanzo kwamba vipimo vitaendelea hata baada ya upasuaji, na kwamba akiteleza akisema mwenyewe atatibiwa, hatafukuzwa. Anayeogopa kufukuzwa huficha, na anayeficha tunamgundua ini jipya likiwa limeshaharibika.

---

Mzalendo_Afya

Naheshimu michango yote, ila nina pingamizi. Maini ya kupandikiza ni machache. Aliyeugua kwa virusi au kwa kurithi hakuchagua. Miezi sita angalau inampa kila mtu kipimo kimoja. Tukiiondoa, jopo litaamua kwa upendeleo: mwenye mke anayejieleza vizuri atapita, mpweke atabaki.

---

Bingwa_Ini

Pingamizi la upendeleo ni la kweli na sitalipuuza. Kigezo cha "ndugu wa karibu" humwadhibu asiye na ndugu. Dawa yake ni kuandika vigezo wazi, kila kukataliwa kuwe na sababu iliyoandikwa, na kumtafutia mpweke msimamizi mwingine: rafiki, kiongozi wa dini, kikundi cha walioacha pombe. Kurudisha kalenda hakuondoi upendeleo. Humwondoa tu aliye mgonjwa zaidi, kwa kuwa ndiye hawezi kufika mwisho wake.

Kuhusu "hakuchagua": uraibu wa pombe ni ugonjwa wenye vigezo 11 vya utambuzi, viwili au vitatu ni hafifu, vinne au vitano ni wa kati, sita na zaidi ni mkali. Una mchango mkubwa wa kurithi. Na matokeo ya upandikizaji kwa watu hawa yanalingana na ya magonjwa mengine ya ini. Wapo wanaorudia: katika wale 147, waliorudia kunywa mfululizo walikuwa asilimia 10 baada ya mwaka mmoja na 17 baada ya miaka mitatu. Kwa wanaonywa sana tena, sirosisi (ini kujaa makovu) mpya inaweza kujitokeza ndani ya miaka mitano. Hilo ni tatizo halisi, na ndiyo maana Mnasihi anasisitiza tiba ya uraibu ianze kabla ya kisu na iendelee baada yake.

Tabibu, jambo moja la utaratibu: vipo vituo na bima ambavyo bado vimeandika miezi sita kwenye kanuni zao. Uliza kwa maandishi kabla ya kumsafirisha mgonjwa. Wakikataa kwa kalenda, omba jina la kituo kinachopokea kesi za mapema.

---

Mfamasia_Zamu

Swali la tatu la Tabibu halijajibiwa. Kwa mgonjwa huyu:

Baklofeni ndiyo iliyojaribiwa kwa watu wenye sirosisi, 10 mg mara tatu kwa siku, ukianzia 5 mg mara tatu. Lakini huyu alishachanganyikiwa, na baklofeni hulaza ubongo na hujikusanya figo zikichoka. Kwa sasa nisingempa. Akija kupewa baadaye, isikatizwe ghafla.

Akamproseti haipiti kwenye ini kabisa, hutoka kwa figo, hivyo inamfaa zaidi. Dozi kamili ni 666 mg mara tatu. Uwezo wa figo ukiwa kati ya 30 na 50 mL kwa dakika, 333 mg mara tatu. Chini ya 30, usitoe. Onyo: ukikokotoa kwa kilo 70 na kreatinini 1.3 utapata takriban 70, karatasini. Kilo zile zina maji ndani na misuli imekwisha, kwa hiyo uwezo halisi ni mdogo. Ningeanza na 333 mg na kupima figo kila wiki.

Naltreksoni niiache kando wakati bilirubini ni 9. Tena inazuia dawa za maumivu za jamii ya mofini. Anayeitiwa ini usiku akiwa ameimeza asubuhi atakuwa na shida kubwa baada ya upasuaji. Disalfiramu isiguswe, ni sumu kwa ini.

Maumivu: parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku. Diklofenaki na aibuprofeni marufuku, hata kidonge kimoja cha mgongo, kwa sababu figo za mtu mwenye maji tumboni huanguka kwa hicho kimoja. Waambie nyumbani pia, maana dawa hizo hununuliwa bila cheti.

Baada ya upasuaji, takrolimasi (dawa ya kushusha kinga ili mwili usilikatae ini) humezwa kila baada ya saa 12, na damu ya kupima kiwango huchukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi. Akimeza kwanza ndipo aje maabara, kipimo hicho hakina maana. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha kiwango chake hadi mwili ukalikataa ini. Klarithromaisini, flukonazoli na dawa za VVU zenye ritonaviri hukipandisha hadi figo zikaumia. Ndiyo sababu kifua kikuu kilichojificha kitafutwe sasa, mapema. Chanjo hai (zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa) nazo ziishe kabla. Baada ya hapo hazitolewi.

---

Tabibu_Wodi

Nashukuru sana wote. Kuhusu mdogo wake: kundi la damu linafaa, ana miaka 36. Tuanzie wapi? Naye anakunywa wikendi.

---

Mratibu_Watoaji

Anza na kumwona peke yake, bila kaka, bila shemeji. Ahojiwe na mtu asiye kwenye timu inayomtibu kaka yake. Aambiwe kwamba anaweza kujitoa saa yoyote, hata asubuhi ya upasuaji, na kwamba familia itaambiwa tu "hafai kitabibu". Bila kinga hiyo, mdogo mtu hawezi kusema hapana mbele ya kaka anayekufa.

Kisha hatari isemwe kwa namba. Kwa mtu mzima hutolewa upande wa kulia, takriban asilimia 60 hadi 65 ya ini. Vifo vya watoaji wa upande huo hukadiriwa kuwa 2 hadi 5 kwa kila 1,000, na matatizo madogo na makubwa, kama nyongo kuvuja, maambukizi na ngiri ya kovu, hutokea kwa wengi zaidi. Ini huota tena kwa kasi wiki za mwanzo.

Vipimo viwili vya ukubwa hufanya au huvunja mpango. Kipande kiwe angalau asilimia 0.8 ya uzito wa anayepokea: kwa kilo 70 ni gramu 560. Kikiwa kidogo mno, damu hukifurika na kinashindwa kazi siku za kwanza. Na kinachobaki kwa mtoaji kisipungue asilimia 30 ya ini lake. Vyote hupimwa kwa CT, pamoja na ramani ya mishipa na mirija ya nyongo. Usimkatie mtu tumaini kabla ya CT, wala usimpe.

Pombe ya wikendi: naye apimwe PEth, ajaziwe maswali yale yale, na aache kabisa angalau tangu leo. Mafuta kwenye ini humwondoa mtoaji, ila mafuta hupungua. Wapo waliokataliwa wakapunguza uzito na pombe, wakapimwa tena wakakubaliwa. Akionekana naye ana uraibu, apelekwe kwenye tiba kwa ajili yake mwenyewe, na nyumba hiyo isibaki na chupa.

---

Bingwa_Ini

Na mengine mawili, Tabibu. Kama wakati wa maandalizi bilirubini itaanza kushuka na MELD ikaenda chini ya 15, msimkimbize mezani. Mpimeni kila wiki, kisha kila mwezi. Makubaliano ya wataalamu wa ini yaitwayo Baveno, ya mwaka 2021, yanahesabu kwamba ini limerejea pale chanzo kilipoondolewa, maji na kuchanganyikiwa vimeisha bila dawa na hakuna kutapika damu kwa miezi 12, huku vipimo vikiwa vimeimarika. Wapo wanaofika hapo kwa kuacha pombe tu.

Kama jopo litamkataa, omba sababu kwa maandishi na tarehe ya kuangaliwa upya, na waalike watu wa tiba shufaa siku hiyo hiyo. Kutuliza maumivu, kichefuchefu na hofu hakuzuii kuendelea kutafuta ini. Vitu hivyo viwili vinaweza kufanyika pamoja. Tuma namba za wiki ijayo hapa tuzihesabu tena.